Mtoto wa Buigiri na kitabu cha ziada

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara kuu iendayo Morogoro, unapita Ihumwa, unauacha Mji wa Serikali wa Mtumba, na muda si mrefu unaingia Buigiri, wilayani Chamwino. Hapo ndipo ilipo shule ya msingi ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Ni miongoni mwa shule kongwe za aina yake nchini, na jirani yake wa leo ni Ikulu ya Chamwino, iliyozinduliwa Mei 2023. Watoto wanaolelewa pale hawana shida ya kuwa mbali na wakubwa. Wizara ya Elimu iko njiani, Bunge linaloridhia mikataba ya kimataifa liko mjini, na barabara ni hiyo hiyo moja.

Kila zinapotajwa shule kama Buigiri, Irente ya Lushoto au Furaha ya Tabora, mazungumzo ya vitabu huanzia kwenye kitabu cha kiada na kuishia hapo hapo. Je, kitabu cha Hisabati cha nukta nundu kimefika? Cha Sayansi je? Ni maswali ya haki. Lakini mtoto anayeona hakuumbwa na vitabu vya kiada peke yake. Alisoma hadithi akiwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, akaazimana riwaya na mwenzake hadi jalada likachanika, akasoma gazeti lililofungiwa vitumbua. Kitabu cha ziada ndicho kilichomfanya apende kusoma. Mtoto asiyeona amekikosa kitabu hicho kwa miongo mingi, na mojawapo ya sababu ni sheria ya hakimiliki, sheria ambayo wengi huidhania ni ugomvi wa wanamuziki wa Bongo Fleva na vituo vya redio.

Ili kuielewa sababu hiyo, inafaa kutazama kitabu kinavyogeuzwa. Tuseme shule imepata nakala moja ya riwaya fupi na hakuna faili la kompyuta. Mwalimu mmoja anasoma kwa sauti, mwingine ameketi mbele ya mashine ya Perkins, chuma kizito cha karibu kilo tano chenye vitufe sita vya nukta na kimoja kipana cha nafasi. Kila herufi ni mbonyezo mmoja wa vidole kadhaa kwa pamoja. Karatasi ni nene kama kadi, na ukurasa mmoja unabeba mistari 25 hivi, kila mstari nafasi zisizozidi 42. Ukurasa wa kawaida wa riwaya unakula kurasa mbili au tatu za nukta nundu. Kosa likitokea, nukta iliyozidi inabonyezwa kwa ukucha mpaka ilale, na hata ikilala kidole cha msomaji mzoefu huiona. Kazi ikiisha, riwaya iliyokuwa inaingia mfukoni imekuwa rundo la kupakata. Na ni nakala moja tu. Darasa lina watoto wengi.

Tuseme sasa kwamba mchapishaji ametoa faili. Programu ya kompyuta inageuza maandishi kuwa nukta nundu, mwalimu anakagua vichwa vya sura na majedwali, printa ya nukta nundu inaanza kugonga karatasi. Nakala ya pili na ya ishirini hazimtaki mtu yeyote asome kwa sauti. Faili hilo hilo, likiongezwa ukubwa wa herufi, linampa kitabu mtoto mwenye uoni hafifu. Likiingizwa kwenye simu yenye kisomaji skrini, linasomeka kwa masikio. Tofauti ya njia hizi mbili ni faili tu, na faili limelala kwenye kompyuta ya mchapishaji jijini Dar es Salaam au Nairobi.

Kwa nini halitoki? Kwa sababu kunakili ni haki ya mwenye kazi. Ndivyo unavyosema Mkataba wa Berne, ulioanza mwaka 1886 na ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, na ndivyo inavyosema Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Msingi wake ni mwema: mtu aliyekesha akiandika asiibiwe jasho lake. Ila ulipoandikwa, macho ndiyo yaliyodhaniwa kuwa njia pekee ya kusoma. Kumgeuzia mtoto kitabu katika nukta nundu kukahesabika kuwa ni kunakili, sawasawa na kukirudufu kwa wingi na kukiuza uchochoroni. Taasisi ya wasioona iliyotaka kufuata sheria ililazimika kuandika barua ya kuomba idhini, kitabu kimoja kimoja, na kusubiri. Mchapishaji asipojibu, jibu ni hapana. Sheria haikumkusudia ubaya mtoto huyo. Haikumfikiria kabisa, na matokeo kwake yamekuwa yale yale.

Nje ya mipaka ya nchi hali ilikuwa ya kusikitisha zaidi. Shirika la ONCE la Hispania lilikuwa na maktaba kubwa ya vitabu vya nukta nundu na vya sauti kwa Kihispania, vinavyozidi laki moja, wakati wasioona wa nchi maskini za Amerika ya Kusini, wanaozungumza lugha hiyo hiyo, hawakuwa na kitu. Kitabu kilichogeuzwa kihalali Madrid hakikuruhusiwa kuvuka bahari, kwa kuwa ruhusa ya sheria iliishia mpakani. Umoja wa Wasioona Duniani uliita hali hiyo njaa ya vitabu, na kukadiria kwamba zaidi ya asilimia 90 ya machapisho ya dunia hayasomeki kwa mtu asiyeona.

Mwaka 2009 Brazili, Ekwado na Paragwai zilipeleka rasimu ya mkataba kwenye Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, mjini Geneva. Wenye viwanda vya burudani hawakufurahi. Vyama vya wachapishaji na kampuni kubwa za filamu za Marekani viliona hatari: ukitoboa tundu moja kwenye hakimiliki kwa ajili ya wasioona, kesho watakuja wanafunzi, keshokutwa maktaba. Hata hivyo mwanamuziki Stevie Wonder, ambaye mwenyewe haoni na ameishi kwa hakimiliki za nyimbo zake maisha yake yote, alisimama mbele ya wajumbe wa WIPO mwaka 2010 akawasihi wamalize kazi, akaahidi kuja kuwaimbia watakapoimaliza. Juni 27, 2013 mkataba ulipitishwa Marrakesh, nchini Moroko, naye akaja akaimba. Hakuna hoja iliyowapa shida wapinzani kama kumwona msanii tajiri, anayelindwa na sheria ile ile, akisema kwamba ulinzi wake hautapungua kwa mtoto asiyeona kupata kitabu.

Mkataba wa Marrakesh ni mfupi, una ibara 22. Unaitaka kila nchi mwanachama iweke katika sheria yake ruhusa ya kugeuza maandishi yaliyochapishwa, nota za muziki na michoro inayoambatana nayo, kuwa katika namna anayoweza kuisoma mtu asiyeona, bila kumwomba mwenye haki. Vitabu vya kusikiliza vimo. Filamu hazimo, hapo kampuni za Marekani zilishinda, na ni hasara ambayo mtoto wa Buigiri anaijua kila wenzake wanapotazama tamthilia na yeye kubaki akiuliza nani amefanya nini. Kazi ya kugeuza na kusambaza hufanywa na taasisi zilizoidhinishwa, zisizofanya biashara, zenye wajibu wa kuwajua walengwa wao na kutunza kumbukumbu za nakala.

Walengwa hao ni wengi kuliko wale wanaotembea na fimbo nyeupe. Mkataba unamtaja asiyeona, mwenye uoni hafifu usiorekebishika, mwenye tatizo la kutambua maandishi, na yule ambaye mikono yake haiwezi kukishika kitabu au kufunua kurasa. Kwa Buigiri jambo hili lina uzito wake. Shule ile imewapokea watoto wenye ualbino, hasa baada ya wimbi la mauaji lililoitia nchi aibu kuanzia mwaka 2007, wazazi wakitafuta mahali penye uzio na usalama. Wengi wa watoto hao wanaona, ila kwa shida: kitabu cha kawaida wanakisogeza mpaka kiguse pua, na macho huchoka haraka. Kuwafundisha nukta nundu kana kwamba hawaoni kabisa ni kuwapotezea macho waliyonayo. Wanachohitaji ni kitabu kile kile kwa herufi kubwa, wino mweusi uliokolea na nafasi ya kutosha kati ya mistari. Mkataba unaihesabu nakala ya maandishi makubwa sawa na ya nukta nundu. Kwa hiyo mwalimu anayekuza herufi za hadithi kwenye mashine ya kurudufu kwa ajili ya mtoto mwenye ualbino ndiye hasa Marrakesh ilikuja kumtetea.

Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018. Tanzania ilikabidhi hati zake Aprili 2020, na mkataba ukaanza kuifunga nchi Julai 8 mwaka huo, dunia ikiwa imefunikwa na habari za korona. Tukio lenyewe lilipita kimya, na labda ndiyo maana hata walimu wa elimu maalumu si wote wanaojua kwamba kitu kama hicho kipo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, tarehe hizo tatu zikisomwa pamoja zina neema kubwa. Ibara ya 5 ya mkataba inaruhusu nakala iliyotengenezwa kihalali katika nchi mwanachama ipelekwe kwa walengwa wa nchi nyingine mwanachama. Vitabu vya Kiswahili vinachapishwa Nairobi na Dar es Salaam, vinasomwa pande zote mbili za mpaka wa Namanga, na Kenya ina wataalamu wa nukta nundu wa miaka mingi. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Riwaya ya Kiswahili iliyokwisha kugeuzwa Nairobi haina sababu ya kugongwa upya herufi kwa herufi Dodoma. Inaweza kuja kwa barua pepe, kama faili. Nchi zinazozungumza Kihispania zilipigania nafasi hiyo miaka mingi. Afrika Mashariki tayari inayo, na lugha ya pamoja inayo, lakini katalogi moja ya vitabu vya Kiswahili vya nukta nundu inayojulikana kwa kila mwalimu wa Buigiri, Thika na Tabora ndiyo inayokosekana.

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo viongozi hupenda kuyachanganya. Kitabu cha kiada kikichelewa kufika kwa nukta nundu, hakimiliki haihusiki. Vitabu hivyo vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ambayo ni chombo cha Serikali. Serikali haihitaji kujiomba idhini yenyewe. Kinachochelewesha ni bajeti, karatasi, printa na watu, na mwenye kujibu hoja hiyo anajulikana. Kitabu cha ziada ni habari nyingine. Hicho kina mwandishi aliye hai au warithi wake, kina mchapishaji binafsi, kina mkataba. Huko ndiko sheria ilikokuwa imeziba njia, na huko ndiko Marrakesh ilikofungua. Kinachokera ni kwamba njia imefunguliwa tangu 2020, na bado mazungumzo ya wasioona yanaishia kwenye kiada, kana kwamba kusoma kwa furaha ni anasa ya wenye macho.

Mfano mmoja uko karibu mno na Buigiri kiasi kwamba unaumiza. Mathias Mnyampala, mshairi aliyezipa umbo ngonjera zilizokuja kuimbwa katika kila shule ya nchi hii, alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, barabara hiyo hiyo. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1963 diwani yake. Alifariki mwaka 1969. Sheria ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo, ikihesabiwa hadi mwisho wa mwaka. Maana yake ulinzi wa vitabu hivyo ulikoma Desemba 31, 2019, miezi michache kabla ya Tanzania kuingia Marrakesh. Leo hakuna idhini ya mtu yeyote inayohitajika kuvigeuza vitabu hivyo katika nukta nundu, si kwa mkataba wala bila mkataba. Vya Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, vimekuwa huru tangu 2013. Mtoto wa Kigogo aliyekaa bwenini Buigiri ana haki ya kuisoma historia ya watu wake kwa vidole vyake, iliyoandikwa na mtu wa kijiji cha jirani.

Kwa vitabu ambavyo bado vinalindwa, hapo ndipo mkataba unapofanya kazi. Mwandishi wa riwaya na mshairi Euphrase Kezilahabi alifariki Januari 2020, kwa hiyo kazi zake zitalindwa hadi mwisho wa 2070. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa mwaka 2021 kutoka Zanzibar, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota kwa jina la Peponi. Bila Marrakesh, msichana asiyeona aliyemaliza Buigiri na kwenda sekondari angesubiri barua ijibiwe, au asubiri nusu karne.

Waandishi na wachapishaji wana hofu yao, na haifai kuidharau. Soko la vitabu nchini ni dogo. Kitabu kikiteuliwa kuwa cha fasihi mashuleni, hazipiti wiki nyingi kabla ya nakala zilizorudufiwa kuonekana mezani kwa wauzaji wa stesheni kwa nusu bei. Mchapishaji aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: ukimwomba faili, anaona riwaya yake ikizagaa WhatsApp kabla ya jua kuzama. Hofu hiyo inajibika. Nakala ya nukta nundu haiuziki kwa mwenye macho. Faili la nukta nundu si PDF ya kusomeka kwenye simu ya kila mtu. Taasisi iliyoidhinishwa inajulikana jina na anwani, na ikivujisha inashtakika. Wezi wa vitabu wanafanya kazi kwa nakala za karatasi za kawaida, wala hawajawahi kulisubiri faili la Buigiri. Na soko wanaloogopa kulipoteza halikuwahi kuwapo: hakuna duka la vitabu Dodoma linalouza riwaya ya nukta nundu.

Afrika Kusini imeonyesha jambo hili linavyoweza kufika mahakamani. Shirika la Blind SA lilifungua shauri dhidi ya Serikali kwa sababu sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo, ya mwaka 1978, ilimlazimisha asiyeona kuomba idhini kwanza. Septemba 21, 2022 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba, ikawapa wabunge muda wa kuirekebisha, na bila kuwasubiri ikaweka yenyewe maneno ya kuwaruhusu wasioona kupata nakala zao. Nchi hiyo ilikuwa haijajiunga hata na Marrakesh. Majaji walitazama usawa na utu, wakaona kwamba kumfanya mtu mzima aombe ruhusa ya kusoma kitabu alichokinunua ni kumdhalilisha. Katiba ya Tanzania nayo inazungumzia usawa katika ibara ya 13, na haki ya kutafuta na kupokea habari katika ibara ya 18. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao nchi iliuridhia mwaka 2009, unakataza waziwazi sheria za miliki bunifu kuwa kizuizi kisicho cha haki. Lingekuwa jambo la aibu Chama cha Wasioona Tanzania kulazimika kwenda kwa mawakili kudai kitu ambacho Serikali imekwisha kukiridhia.

Kazi iliyobaki si kubwa, na sehemu yake kubwa inahitaji kalamu kuliko fedha. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ambayo baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 iliachiwa zaidi kazi ya kusimamia kuliko kukusanya mirabaha, ndiyo yenye nafasi nzuri ya kuandika mwongozo wa kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi: nani ni taasisi iliyoidhinishwa, mwalimu anaruhusiwa nini, mchapishaji ana ulinzi gani. Mwongozo huo upelekwe kila shule yenye kitengo cha wasioona, Buigiri ikiwamo, na uwepo kwa nukta nundu, maana watakaoutumia baadhi yao hawaoni.

Kisha kuna wachapishaji. Wanaweza kukabidhi faili kwa hiari siku kitabu kinapotoka, badala ya kungoja mwalimu akae na mashine ya Perkins miezi miwili, na wale wanaofanya hivyo watangazwe hadharani ili wengine waone haya.

Na kuna mahali ambapo Serikali yenyewe ndiyo mlipaji. Tangu 2023, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na TET, hutolewa kila Aprili kwa kazi bunifu, zikiwamo riwaya, mashairi na hadithi za watoto, na Serikali hugharimia uchapaji wa kazi ya mshindi ili ifike shuleni. Hizo ndizo hadithi za ziada zinazohitajika, mpya, za Kiswahili, zilizoandikwa kwa watoto wa nchi hii. Mkataba na mshindi unaandaliwa na Serikali, faili liko mikononi mwa Serikali, na kiwanda cha kuchapa nukta nundu kipo katika shule ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam. Kinachotakiwa ni kipengele kimoja katika mkataba huo, kinachosema kwamba siku faili linapokwenda kiwandani kuchapwa kwa wino, nakala yake inakwenda Uhuru Mchanganyiko, na toleo la herufi kubwa linatoka sambamba nayo.